Mali Bila Daftari

Upo ugonjwa mmoja unaotumaliza sisi vijana tunaojiita mafundi wa kompyuta hapa Bukoba na Muleba, nao ni ugonjwa wa kutoandika. Nasema bila kuzunguka. Fundi anahangaika na mashine usiku kucha, anapata mstari mmoja wa amri unaoifungua, anashangilia, anakwenda kunywa chai, basi. Mstari ule hauandikwi popote. Keshokutwa umesahaulika. Na fundi mwenyewe akihama, akiugua au akinuna, wote waliomtegemea wameachwa gizani.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Mchana nakaa katika kibanda cha stesheneri karibu na soko kuu la Bukoba: nachapa barua, natoa fotokopi, najaza maombi ya watu kwenye mtandao, na kompyuta zikilala naziamsha. Usiku naandika riwaya ambayo hadi leo imekataa kufika mwisho. Kuandika programu nilifundishwa na rafiki, si darasani. Kwa hiyo anayetaka kunipima kwa vyeti anaweza kuishia hapa. Lakini niliyoyaona Muleba msimu wa kahawa uliopita naomba myasikie.

Kuna chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, jina lake nalihifadhi. Miaka michache iliyopita kijana mmoja mwerevu, na sisemi mwerevu kwa kejeli, alikitengenezea programu ya kuandikisha mazao. Mkulima analeta maganda yake, yanapimwa, karani anaingiza kilo, na mwisho wa wiki inatoka orodha: jina, kilo, fedha, namba ya simu ya kulipiwa. Watu waliifurahia. Wazee waliozoea vitabu vya karani vilivyofutwafutwa kwa ufutio waliona kama haki imeshuka kutoka mbinguni. Kisha kijana akapata kazi Dodoma. Akaondoka na begi lake, na kichwa chake pia.

Msimu ukafunguliwa. Orodha ya kwanza ikatoka, ikapelekwa kwenye malipo, ikarudi yote: namba za simu si sahihi. Karani akatazama, akaona ni watu walewale wa mwaka jana, na simu zao ni zilezile. Akapeleka tena, ikarudi tena. Siku zikaanza kuhesabika.

Shangazi yangu ni mwanachama pale. Wiki ya pili mtu alimjia jioni na fedha mkononi, akitaka kununua kahawa ya msimu ujao ingali maua mtini. Hiyo ndiyo butura, na hakuna mtu wa Kagera asiyeijua, ingawa serikali imeipiga marufuku. Unauza kwa bei ya njaa, na mwakani unachuma kahawa ya mwenzio katika shamba lako mwenyewe. Shangazi alikuwa na mtoto anayetakiwa kuripoti shule ya bweni. Akanipigia simu. "Mwanangu, wewe si ndiye unayejua mambo ya kompyuta? Njoo kabla sijafanya upumbavu."

Nikapanda gari asubuhi, nikapita Kemondo na Muhutwe nikijiona daktari bingwa. Looh!

Siku ya kwanza nzima sikuweza hata kuifungua hifadhidata, maana neno la siri hakuwa nalo mwenyekiti, wala katibu, wala karani. Nilimpigia fundi wa Dodoma, simu haikupokelewa. Siku ya pili nikaingia kwa mlango wa uani, njia ambayo sitaieleza hapa. Siku ya tatu, saa nne usiku, nikaliona kosa lenyewe, nikacheka peke yangu kama mwehu. Orodha ilikuwa ikifunguliwa kwanza katika Excel, inatazamwa, inahifadhiwa, ndipo inapelekwa. Sasa Excel ikikuta namba inayoanza na sifuri inaichukua kuwa ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi, basi inaitupa. Simu ya tarakimu kumi inabaki na tisa. Mwaka jana mambo yalikwenda kwa sababu yule kijana, kila wiki, kimya kimya, alikuwa akiirekebisha orodha katika kompyuta yake mwenyewe kabla ya kuituma. Hakumwambia mtu. Na dawa yake ni mstari mmoja tu wa Python:

namba = namba.zfill(10)

Maana yake: jazia sifuri mbele mpaka zitimie tarakimu kumi. Ukihesabu herufi, alama na nafasi zote, ni 23. Wanachama wote wa chama walikaa wiki mbili bila fedha ya jasho lao kwa ajili ya alama 23 ambazo mtu mmoja alizijua na hakuziandika. Shangazi alisubiri. Jirani yake hakusubiri; kahawa yake ya msimu ujao sasa ina mwenyewe.

Niliporudi mjini nikawasimulia mafundi wenzangu, nikidhani tutalia pamoja. Mmoja alinitazama kwa huruma, akasema, "Sasa wewe ukiandika kila kitu, watakuita wa nini?"

Hapo ndipo penye jipu. Tunaficha kwa makusudi. Tunaona kwamba siri ndiyo mshahara. Na sijitoi, mimi nilikuwa kiongozi wa mchezo huo. Mwaka juzi nilimficha kijana wa kibanda cha jirani jinsi ya kuifanya printa ya zamani ikubali Windows mpya, ili wateja wake wavuke barabara waje kwangu. Walikuja wiki moja. Baadaye printa yangu mwenyewe ikagoma kwa namna ileile, nami nilikwishasahau nilifanyaje. Tukakaa wawili, huyu upande huu na yule upande ule, tunatazamana, kila mmoja na printa yake iliyokufa. Ama kweli mali bila daftari huisha bila habari!

Anayebisha aende Katuruka, upande wa Maruku, si mbali na mji huu. Pale walichimba wataalamu wa mambo ya kale wakakuta mabaki ya matanuri ya chuma na mavi ya chuma ya zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mababu wa nchi hii walikuwa na programu yao, tena ndefu: udongo gani wa kufinyangia mirija ya kupitishia hewa, mirija iingie ndani ya tanuri kiasi gani, mkaa wa mti gani, majani ya kinamasi yachomwe vipi ndani ya shimo kabla ya kuanza, mivukuto ipigwe namna gani. Kila hatua ina sababu, ukiruka moja unapata jiwe badala ya chuma. Yote hayo yalikuwa kichwani, yamezungukwa na miiko na siri. Kisha yakaja majembe ya dukani kutoka Ulaya, kazi ikasimama, na vichwa vikaanza kuzikwa kimoja kimoja.

Mwaka 1976 Peter Schmidt, Mmarekani, aliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma kama zamani. Wazee walikuwa hawajaigusa kazi hiyo kwa miongo mingi. Ikabidi wakumbushane, wabishane, wakosee, waanze upya. Wakafaulu. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery wakaandika habari za tanuri lile katika jarida la Science, na dunia ikasoma kwamba Waafrika wa kando ya Ziwa walitengeneza chuma cha pua tangu kale. Sisi tunajivunia, na ni haki yetu. Lakini hebu tujiulize: wazee wale wangekuwa wamekwisha kufa wote, Schmidt angemuuliza nani? Na jambo la pili linaloniuma: aliyeandika ni mgeni, kwa Kiingereza, na kijana wa Maruku leo akitaka kujua babu yake alipangaje mirija itabidi atafute kamusi kwanza.

Sasa mtu aniambie tofauti iko wapi kati ya mzee aliyekufa na kipimo cha mirija na kijana aliyehamia Dodoma na zfill(10). Mzee nitamsamehe, hakuwa na karatasi. Kijana alikuwa na kompyuta nzima mbele yake!

Wapo wengine ambao hawafichi, wanacheka tu. Hao wanasema daftari la nini karne hii, mtandao unajua kila kitu, na siku hizi unaiuliza akili bandia inakupa jibu kabla hujamaliza swali. Sikatai, mimi mwenyewe nimeshiba huko. Stack Overflow, tangu lilipoanzishwa mwaka 2008, limewaokoa mafundi wengi kuliko chuo chochote. Ila tazama jambo moja: lilifungua matawi ya Kireno, Kihispania, Kirusi na Kijapani. La Kiswahili halikufunguliwa, na sioni wa kumlaumu, maana tawi hufunguliwa penye watu wanaoandika. Na akili bandia nayo haioti majibu kama uyoga. Inakula yale ambayo watu wameyaandika, ndipo inatema. Tusipoandika ya kwetu, itatujibu kwa ya kwao, na sisi tutapokea.

Mfano ninao. Mwenye nyumba moja ya wageni alitaka stakabadhi zake zionyeshe saa kwa Kiswahili, kwa sababu wageni walikuwa wanagombana na mhudumu juu ya muda wa kuondoka. Saa nne ya mgeni ilikuwa saa kumi ya kompyuta. Nikatafuta mtandaoni, nikapata saa za Tokyo, za New York, za mahali ambapo sitafika maisha yangu yote. Huko California nani anaamka asubuhi akifikiria kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa kunapopambazuka, si usiku wa manane? Nikakaa nikatunga mwenyewe. Nilikosea mara mbili. Mara moja magharibi ilitoka "saa 0" na mhudumu akaniuliza kama ni mwisho wa dunia. Hatimaye ikawa hivi, h ikiwa ni saa ya kompyuta tangu 0 hadi 23:

saa = (h - 6) % 12 or 12

Unatoa sita, unachukua kinachobaki baada ya kugawanya kwa kumi na mbili, na kikibaki sifuri unaandika 12. Saa 7 ya kompyuta inakuwa saa 1. Saa 13 inakuwa saa 7. Saa 18 inakuwa 12, magharibi imerudi mahali pake. Najua haishindi elimu ya mtu yeyote. Lakini nani ataiandika kama si mimi na wewe? Wangapi Bukoba, Mwanza, Mombasa, wameitunga, wakaitupa, wakaitunga tena?

Tena tusisahau kwamba mtandao unakula bando, na bando linakula fedha ya unga. Umeme nao tunaujua. Mkoa huu kwa miaka mingi uliwashiwa taa kutoka Uganda, na tumelelewa tukijua kwamba taa ni mgeni, akija mshukuru, akiondoka usimfuate. Kaunta buku yangu ya kwaya tatu haijawahi kukatika hata siku moja, na kwa mshumaa inasomeka.

Nakuja kwenye lugha. Ukiona fundi wetu ameandika chochote, ameandika Kiingereza, na Kiingereza chenyewe cha kuparamia, ambacho hata yeye baada ya mwezi hakielewi. Kwa nini? Eti kompyuta ni ya Kiingereza. Amri ni ya Kiingereza, sawa, iache ilivyo, usiitafsiri, itakataa kufanya kazi. Lakini sababu ya kuitumia amri si ya Kiingereza. Jinsi ulivyoteseka si Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, menyu zake zote kwa Kiswahili. Mwaka 2004! Mimi nilikuwa bado nachezea vumbi. Vijana wenzangu niliowauliza hapa mjini hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia. Wale walikwishathibitisha kwamba lugha inatosha. Ukosefu ni wetu sisi, wa mkono na kalamu. Neno lenyewe la kazi yetu hatujakubaliana. Wasomi wanasema msimbo, sisi vibandani tunasema kodi, na mama akinisikia nasema usiku naandika kodi anadhani nimeajiriwa na mamlaka ya mapato.

Sasa nawageukia ninyi, wenzangu wa gazeti hili. Nilipowaeleza kwamba nataka kuandika juu ya daftari la amri za kompyuta, baadhi yenu mlicheka. Mkasema hiyo si fasihi, niwaachie mafundi. Mimi nawauliza, mnamjua Aniceti Kitereza? Mkerewe yule alisoma seminari ya Rubya, hapa hapa Muleba, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu kikakaa miaka 35. Ikabidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapwa mwaka 1980, na mwaka 1981 mzee akafariki. Ndani ya kitabu hicho mna mapenzi na utasa na ugomvi wa wakwe, naam. Lakini pia mna jinsi ya kulima, jinsi ya kuvua, jinsi ya kutengeneza pombe, jinsi ya kumtibu mgonjwa, hatua kwa hatua, kwa subira ambayo mkosoaji wa leo angeiita kujaza kurasa. Kumbe ndiyo mali yenyewe! Alikuwa anakusanya, ili wajukuu wasije wakaachwa na mashine isiyo na maelezo. Msinifundishe kwamba maelezo ya kazi ya mikono si kazi ya mwandishi.

Naongeza kwamba kuandika maelezo mafupi yanayofanya kazi ni kugumu kuliko kuandika sura ya mapenzi. Sura ya mapenzi ikikosewa msomaji anapiga mwayo. Maelezo yakikosewa wakulima hawalipwi.

Na si kila maelezo ni maelezo. Nimeona madaftari ya wanaonakili kila wanachokiona mtandaoni bila kukijaribu. Hiyo ni takataka iliyopangwa vizuri. Langu nimelipa sheria: siandiki kitu ambacho mkono wangu haujakifanya. Naandika tarehe, mashine gani, toleo gani la programu, nilikuwa nataka nini, nilijaribu nini kikashindikana, ndipo amri yenyewe, ndipo maana yake kwa Kiswahili cha kueleweka na shangazi. Ya kushindikana ndiyo muhimu kuliko yote, nayo ndiyo tunayoona aibu kuandika. Hao waliotengeneza Unix huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie, mwongozo wao wa kwanza una tarehe 3 Novemba 1971. Kila amri ina ukurasa wake, na ndani ya ukurasa kuna mahali pa kutaja kasoro zake na mahali pa kumtaja mwenye amri. Watu wazima, mafundi wa dunia, wanaandika kasoro zao wenyewe na kuweka majina. Sisi ukimuuliza mtu kwa nini programu yake imekwama anasema ni virusi.

Maneno ya siri usiyaandike katika daftari linaloshikwa na kila mtu. Yaweke katika bahasha, ifungwe, iwe kwa katibu, atie saini. Nakala ziwe mbili na zisilale nyumba moja. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipotupiga, wengi wetu tulijifunza siku ile kwamba ukuta si wa kuaminiwa. Mimi kila Jumamosi nazipiga picha kurasa mpya kwa simu, nazituma kwa binamu yangu Kamachumu, ambaye hajui zinahusu nini na analalamika kwamba nazijaza simu yake.

Daftari langu limefika ukurasa wa 64. Linaning'inia kwa kamba pale kibandani, pembeni ya mashine ya fotokopi. Fundi yeyote aje asome, anakili bure, ila kwa sharti moja, aandike na yeye lake moja kabla ya kuondoka, na atie jina. Hadi leo walionakili ni wengi. Walioandika ni watatu, na mmoja wao ni yule kijana wa kibanda cha jirani, ukurasa wa 31: printa.

Chama cha Muleba nilikiachia kurasa tano, zimebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi, na karani amejifunza kuusoma ule mstari kwa sauti kama sala. Ila kuna kompyuta ya pili, ile ya ghalani, yenye hesabu za misimu miwili ya nyuma, ambayo mlango wake wa uani sikuupata. Kaka yangu uliyeko Dodoma, kama gazeti hili limekufikia, sina ugomvi na wewe. Simu ya katibu unayo. Mtumie neno la siri.